Wavu hauna moto wake: kuchagua wavu wa kubabulia na vifaa vya jiko la peleti

Shemeji yangu ana nyumba ndogo ya wageni Shela, kisiwani Lamu. Mwaka jana aliagiza jiko la peleti, lile linalochoma vijiti vya vumbi la mbao, kutoka ng'ambo. Lilifika Mokowe kwa lori, likavushwa kwa boti, likapandishwa ngazi hadi darini na mahamali wanne. Wiki ya tatu akanipigia simu.

"Shemeji, jiko linaniandikia 260, lakini nyama inatoka kijivu kama imechemshwa. Nimeona nyavu za kubabulia zinauzwa. Iko ya chuma, iko ya alumini, iko yenye sanduku lake la moto. Nichukue ipi?"

Nikamwambia asichukue yoyote kwanza. Maji yalikuwa yametoka, nikatembea ufuoni kutoka mjini hadi kwake, na mchana kutwa tukakaa na lile jiko tukilifungua kitu kimoja kimoja. Tangu siku ile wapishi wenzangu wa Malindi wameniuliza swali lile lile zaidi ya mara moja, na kila mara naona tatizo liko pale pale: watu wanachagua wavu kabla ya kujua moto wao unakaa wapi.

Kubabua, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kuiunguza nyama au samaki juu juu kwa moto mkali, haraka, mpaka nje ikae kahawia iliyokolea na kutoa ile harufu inayomtoa mtu sebuleni, huku ndani ikibaki na maji yake. Kwenye seredani hilo halihitaji somo. Kwenye jiko la peleti linahitaji, na sababu yake imo katika maungo ya jiko lenyewe.

Tanuri lenye feni

Jiko hili lilizaliwa Marekani. Joe Traeger, wa jimbo la Oregon, alipata hataza yake mwaka 1986, na ilipokwisha muda wake mwaka 2006 watengenezaji wengine wakaingia sokoni. Peleti zenyewe ni vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vijiti vya unene wa kama milimita 6. Hazina gundi. Kinachozishika ni lignini, kitu kile kile kinachoshikanisha nyuzi za mti ulio hai. Hulainika kwa joto la mashine, kikipoa kinaganda.

Pembeni mwa jiko kuna kisanduku cha peleti. Chini yake kuna parafujo ndefu inayozungushwa na mota, na kazi yake ni kusukuma peleti kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto katikati ya tumbo la jiko. Humo mna kiwashio cha umeme kinachokuwa chekundu, na feni inayopuliza. Juu ya kikombe kuna bati nene linalokinga moto usipande. Juu ya bati kuna trei iliyoinama kidogo ili mafuta ya nyama yatiririke hadi kwenye kopo lake nje. Juu ya trei ndipo ulipo wavu. Kipimajoto kilichomo ndani huiambia mashine hewa ina joto kiasi gani, nayo huongeza au kupunguza peleti.

Uangalie vizuri mpangilio huo. Kwenye seredani nyama inatazamana na makaa ana kwa ana, na makaa mekundu hupita digrii 700. Kwenye jiko la peleti nyama inatazamana na bati. Hewa ya moto inazunguka, inaipapasa pande zote, inaiivisha sawasawa na kuitia moshi mzuri wa mbao. Hilo ni tanuri lenye feni. Ni zuri mno kwa kifua cha ng'ombe cha saa kumi, kwa kuku mzima, kwa mguu wa mbuzi wa harusi. Lakini hewa ni mbebaji hafifu wa joto: unaweza kuingiza mkono kwa sekunde mbili katika tanuri la digrii 200 ukautoa mzima, ila ukigusa chuma cha digrii 200 umeungua papo hapo. Majiko mengi ya aina hii hukomea baina ya digrii 230 na 260, na namba hiyo inayoandikwa kwenye kioo ni ya hewa. Wavu una joto lake mwenyewe, na mashine haiujui.

Kwa hiyo wavu wa kubabulia hauongezi moto hata chembe. Kazi yake ni kuukusanya moto uliopo, kuuweka, na kuumwaga kwenye nyama kwa mgusano pale nyama inapotua.

Maji ndiyo yanayokula joto

Rangi ya kahawia hutokana na protini na sukari za nyama kukutana kwenye joto la digrii 140 na kuendelea. Wakati huo huo, mahali palipo na maji hapawezi kupita digrii 100 mpaka maji yaishe. Hiyo ndiyo siri yote ya nyama ya kijivu: ngozi yake ilikuwa ina maji, na wavu haukuwa na akiba ya joto ya kuyakausha.

Hesabu yake ni ndogo, na inafaa kuifanya mara moja maishani. Gramu moja ya maji yanayochemka hutaka karibu jouli 2,260 ili ipae kuwa mvuke. Kipande cha nyama kikibeba gramu 10 za maji juu yake, hizo ni kilojouli 22 na ushei. Sasa, vijiti vyembamba vya wavu wa kawaida vilivyo chini ya kipande hicho tuseme vina uzito wa gramu 200. Vikiporomoka kwa digrii 100 nzima vitatoa kilojouli 10 tu. Maji bado yapo, wavu umekwisha poa, na kinachoendelea hapo ni kuchemsha.

Weka chuma cha kusubu cha kilo moja chini ya kipande kile kile. Kikishuka digrii 100 kinatoa kilojouli 46. Maji yanakwisha, na joto linabaki la kubabulia. Alumini ina tabia ya ajabu: nusu kilo yake inatoa karibu kiasi hicho hicho, maana kila gramu ya alumini hushika joto karibu maradufu ya gramu ya chuma.

Kabla hata ya kufikiria wavu, basi, punguza maji. Samaki aliyetoka kwenye barafu mfute kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe. Nyama itie chumvi saa moja kabla, maji yatakayotoka yafute. Wengi wetu tunaitoa nyama kwenye ukwaju, papai bichi na mtindi, tunaitupa juu ya wavu ikidondoka, kisha tunalaumu jiko. Rojo hiyo ifute kabisa, uipake tena mwishoni ukipenda. Gharama yake ni kitambaa tu.

Alumini, chuma cha kusubu na bati la fundi

Vitu vitatu vinatofautisha wavu na wavu: unashika joto kiasi gani, unalipitisha kwa kasi gani, na unagusa nyama kwa upana gani. Wauzaji husema sana juu ya alama nzuri za mistari. Mistari ni sehemu ndogo tu ya nyama iliyobabuka, na baina yake nyama imebaki kijivu. Anayetaka ganda zima la kahawia anahitaji kitu bapa.

Alumini hupitisha joto mara tatu hadi nne zaidi ya chuma cha kusubu, na zaidi ya mara kumi ya chuma kisichoshika kutu. Nyavu zake za kubabulia huuzwa kama vipande virefu vinavyounganishwa, upande mmoja una miinuko yenye matundu chini yake, upande wa pili uko bapa. Kwa jiko la peleti zina faida ya kweli: joto la bati la chini, ambalo ni kali kuliko la hewa, zinalinyonya na kulitandaza haraka, na pakipoa mahali joto linakimbilia pale kutoka jirani. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kuzitayarisha. Tafuta zilizotiwa ganda gumu la anodi, yaani tabaka la kinga linalotiwa kiwandani kwa umeme, kwa sababu alumini tupu huliwa na ndimu na ukwaju. Na usizioshe kwa magadi makali ya kusafishia tanuri, yatazila.

Chuma cha kusubu ni mvumilivu. Huchelewa kupata moto, hutaka nusu saa au zaidi, lakini kikishapata hakitikisiki kwa kipande kimoja baridi. Ni kizito, huvunjika kikianguka sakafuni, na hewa ya bahari ni adui yake mkubwa. Nitarudi kwenye hilo. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri kwa wavu wa kila siku wa kuku na mishikaki, ila kwa kubabua kinapitisha joto polepole mno isipokuwa kiwe kinene sana, na kikiwa kinene hivyo bei yake inapaa. Nyavu zilizopakwa enameli sizipendekezi kwa kazi hii: enameli ikipata ufa mmoja kwa koleo, kutu inaingia chini yake na vipande vinabanduka.

Njia ya nne haimo katika orodha za wauzaji, nayo ndiyo niliyomwelekeza shemeji. Kwa fundi wa kuchomelea, Malindi au Lamu, mwambie akukatie bati la chuma la kawaida lenye unene wa milimita 6, sentimita 30 kwa 30. Lina uzito wa kilo 4 na kidogo. Kwa kushika na kupitisha joto linakaribiana sana na chuma cha kusubu, halivunjiki, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kuagiza. Mwambie alainishe kingo, asage ile ngozi nyeusi ya kiwandani mpaka chuma kionekane cheupe, asichomelee miguu wala mshikio, na asilipake rangi.

Hapa ni lazima nisimame kidogo. Usikubali chuma chochote kilichotiwa zinki: wavu wa uzio, rafu za friji kuukuu, mabati, waya wa kufungia. Zinki huyeyuka kwenye digrii 420. Jiko la peleti lenyewe huenda lisifike huko juu ya wavu, lakini karibu na kikombe cha moto hufika, na juu ya makaa hufika kwa wepesi. Moshi wa zinki humtia mtu homa na kifua kubana. Mafundi wa kuchomelea wanaijua homa hiyo vizuri. Nondo za ujenzi nazo huja na kutu, grisi na wakati mwingine rangi. Kama fundi anasema ni kitu kimoja, toka uende kwa mwingine.

Boflo mbili darini

Shemeji alikuwa ameliweka jiko chini ya makuti. Tulilihamisha kabla ya lolote. Kisha nikamtuma kijana dukani akaleta boflo mbili. Tukazikata vipande, tukavitandika juu ya wavu mzima bila kuacha nafasi, tukafunga kifuniko kwenye digrii 200, tukangoja dakika tano.

Tulipofungua, vipande vya katikati, kidogo kushoto, vilikuwa vyeusi. Vilivyovizunguka vilikuwa rangi ya mandazi. Kona mbili za mbele mkate ulikuwa mweupe kama ulivyotoka dukani. Shemeji alikuwa akiweka nyama yake kwenye kona hizo kila siku, kwa kuwa ndizo zilizo karibu na mkono.

Jaribio hilo linaamua ukubwa wa wavu wa kununua. Kama jiko lako lina kiini kimoja cha moto, wavu wa kubabulia wa kutandika jiko zima ni pesa iliyopotea. Nunua nusu au theluthi, uuweke juu ya kiini. Na kuna sababu nyingine: hewa inahitaji njia. Ukilifunika tumbo lote kwa bati bapa, joto linajikusanya chini, kipimajoto cha juu kinasoma baridi, mashine inaongeza peleti, na unaweza kuunguza trei yenye mafuta. Acha vidole vitatu vya nafasi kila upande.

Kuna majiko ambayo bati lake la kinga lina kidirisha cha kutelezesha, ukikifungua mwali unapanda moja kwa moja katikati. Hiyo ni kubabua kwa kweli, ingawa kwenye eneo la sahani moja. Ukiwa nacho, hutahitaji wavu mzito sana. Kinachohitajika ni uangalifu, maana mafuta ya nyama yatadondokea motoni. Sitabandika nyama yenye mafuta mengi hapo, na sitafungua kidirisha kabla ya kukwangua trei. Moto wa mafuta ndani ya jiko la peleti unafungiwa kwa kifuniko na kuzimwa kwa kuinyima hewa; maji usiyamwage kamwe. Yale masanduku ya moto ya pembeni yanayotumia gesi nayo yanababua vizuri, ila kwa visiwani unajiongezea mtungi wa kubeba, na kwa maoni yangu tayari unacho kitu bora zaidi.

Seredani ndiyo nyongeza ya kwanza

Ninalisema hili kwa moyo wangu wote, kwa sababu nimeona watu wakitumia fedha nyingi kutafuta kile ambacho bibi zao walikuwa nacho uani. Jiko la peleti liachie kazi linayoiweza: kuivisha polepole, sawasawa, kwa moshi. Kisha malizia kwa moto wa makaa.

Kwa steki nene ya vidole viwili, iache kwenye digrii 110 mpaka katikati ifike digrii 48 hivi ikiwa mlaji anaipenda nyekundu, au 65 ikiwa anataka iive kabisa, kama walivyo wengi kwetu. Kwa saa nzima ile hewa kavu imekuwa ikikausha ngozi yake, na hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta. Wakati huo washa seredani ya makaa ya vifuu. Vifuu huwaka kwa ukali na havigharimu chochote nyumba inayokuna nazi kila siku. Makaa yakiwa mekundu bila mwali, nyama ije vidole viwili juu yake. Sekunde 60 upande mmoja, 60 mwingine, na kingo usizisahau. Makaa ya mikoko yaache. Misitu ile ndiyo mazalia ya samaki na kaa tunaowabandika.

Mwenye nyumba ya wageni ambaye hawezi kuwasha makaa darini, huyo ndiye mwenye haja ya kweli ya wavu wa kubabulia. Kwake ningeanza na bati la fundi. Kama mpishi ni mtu asiyeweza kunyanyua kilo 4 za moto kila jioni, basi alumini, upande wa bapa kwa jodari na kamba, upande wa miinuko kwa mishikaki.

Jodari anastahili neno lake. Minofu yake haina mafuta mengi, na dakika moja ya ziada inamgeuza kuwa samaki wa kopo. Bati liwe na moto wa juu kabisa ambao jiko linaweza, samaki awe baridi kutoka friji na mkavu kabisa, mafuta apakwe yeye badala ya bati, na asiguswe mpaka aachie mwenyewe. Samaki anayenata anakuambia ganda halijakamilika. Tulipomfanyia hivyo siku ile, upande wa kwanza ulichukua sekunde 70, na alipopinduliwa shemeji alinyamaza kidogo, kisha akaita jikoni waje waone.

Vifaa vingine, kwa ufupi na si kwa ufupi

Cha kwanza kabisa ni sindano ya kupimia joto ndani ya nyama. Nunua nzuri hata kama wavu utasubiri mwezi ujao. Cha pili ni bunduki ya kupima joto kwa mbali, ile ya mwali mwekundu, kwa ajili ya kujua joto la bati lenyewe. Ijue kasoro yake: inasoma mnururisho, yaani joto linalorushwa na kitu, na chuma king'aacho kinanururisha kidogo sana, kwa hiyo alumini mpya inayong'aa itakuambia digrii 90 wakati ni zaidi ya 200. Pima mahali palipokwisha kuwa peusi au pakapakwa mafuta.

Koleo liwe refu. Glavu ziwe za ngozi au za silikoni zinazofika juu ya kifundo. Brashi ya waya siitaki jikoni mwangu: unywele mmoja wa chuma ukikatika ukanata kwenye wavu, unaishia kooni mwa mtoto wa watu. Kumbi la nazi lililokauka, ukilishika kwa koleo na kusugua wavu ungali moto, linafanya kazi hiyo vizuri kuliko brashi yoyote niliyowahi kununua.

Kwa samaki mzima, changu au tafi, tafuta wavu wa kubana wenye bawaba, unaofunga samaki katikati. Ndugu yake wa zamani ni banzi, kijiti kilichopasuliwa ambacho samaki alibanwa humo akabanikwa. Kanuni ni ile ile: unampindua mbanio, samaki mwenyewe humgusi.

Umeme nao ni kifaa, ingawa hauorodheshwi. Kiwashio hutaka wati 200 hadi 300 kwa dakika chache za mwanzo, baadaye jiko linakwenda kwa wati 50 hivi. Betri ndogo yenye inveta inatosha kulibeba stima ikikatika, na inafaa kuwa nayo, kwa sababu feni ikizimika ghafla moto unaweza kurudi nyuma kwenye parafujo. Jiko lililotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni la volti 120 na hezi 60. Transfoma itashusha volti zetu 240, lakini hezi zinabaki 50, na mota za mkondo geu zitazunguka pungufu kwa karibu moja ya sita. Peleti zinafika chache kuliko zilivyokusudiwa, na jiko linapanda joto kwa kusuasua. Ukiwa hujanunua bado, uliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

Upepo usiudharau. Kusi ikivuma darini jiko linakula peleti bila kufika popote. Ligeuze mgongo kwa upepo, lipe ukuta.

Na peleti zenyewe: unyevu wa pwani huzirudisha kuwa vumbi, na vumbi lililolowa huvimba ndani ya parafujo likaganda kama saruji. Ndoo za plastiki za lita 20 zenye kifuniko kinachobana zinatosha. Kila unapomaliza kupika, usiache peleti kwenye kisanduku kwa wiki nzima. Chukua moja uivunje: nzima inakatika kwa mlio, iliyoharibika inasagika baina ya vidole.

Chumvi iliyomo hewani

Bati langu la kwanza lilikufa kwa kosa la mafuta. Nililipaka mafuta ya nazi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa nyumbani, nikalichoma, nikalipaka tena. Lilibaki linanata, likabanduka, na mwezi wa pili kutu ilikuwa imelila. Baadaye nikaelewa. Ngozi nyeusi inayokinga chuma cha kupikia, tofauti na ile ya kiwandani, ni mafuta yaliyokauka na kushikana yakawa kama vanishi, na mafuta yanayokauka ni yale yasiyoshiba. Ya nazi yameshiba kwa karibu asilimia 90, hayakauki. Tumia ya alizeti. Paka kiasi kidogo mno, futa kama vile ulikosea kuyapaka, choma kwenye jiko kwa saa moja kwenye digrii 230 au zaidi, rudia mara tatu au nne. Baada ya kila mapishi, likiwa bado vuguvugu, pitisha kitambaa chenye mafuta, ulihifadhi ndani ya nyumba. Usiliache kwenye jiko chini ya turubai. Turubai huzuia mvua lakini hufungia unyevu.

Ukinunua chuma kisichoshika kutu, uliza namba. 304 ndiyo ya kawaida, na hapa kwetu itatoa vidoa vya kahawia. 316 ina molibdeni asilimia 2 hadi 3 na huvumilia chumvi. Watu wa mashua wanaijua. Alumini nayo usiilaze usiku kucha juu ya chuma kingine ikiwa na umande wa bahari, maana metali mbili zikikutana na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Wiki iliyopita shemeji alinipigia tena. Wageni walikuwa wametaka samaki wa kupaka, naye akauliza atumie bati au aagize sasa ule wavu wa alumini. Nikamwambia aondoe vyote viwili. Tui zito lenye ndimu, pilipili na bizari likigusa chuma cha digrii 250 linaungua kabla samaki hajajua kinachoendelea. Changu ampasue mgongoni, amweke juu ya wavu wa kawaida uliopakwa mafuta, upande wa ngozi chini, jiko liwe 180, kifuniko kifungwe. Akikaribia kuiva ampake tui, afunge dakika nne, ampake tena, mara tatu, bila kumpindua hata mara moja.